Kamba Iliyosokotwa Kushoto, Kisesa

Nilikwenda Kisesa kuokoa maabara. Mwalimu Limi, niliyemfundisha kemia Mlimani, alinipigia simu idarani akasema wazazi wa shule yake wanataka maabara igeuzwe darasa la kupiga chapa na biashara. "Wanakutana Jumamosi, Mwalimu. Njoo uwaeleze unachofanya. Wakikataa, kidato cha tano cha sayansi kimekufa." Nilikubali kabla hajamaliza. Katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kuniomba nieleze ninachofanya. Hata mke wangu, nikianza tu, hukumbuka maharage jikoni.

Ndani ya treni, baada ya Dodoma, nilijaribu hotuba yangu kwa mchuuzi wa dagaa tuliyekaa naye. Nilimwambia kuna molekuli bapa kama chapati, zinazopangana zenyewe moja juu ya nyingine hadi kuwa uzi mrefu, bila gundi. Kila moja hukaa ikiwa imegeuka kidogo juu ya ile ya chini yake, kwa hiyo uzi wote hujipinda, ama kulia ama kushoto. Alisikiliza kwa adabu hadi Manyoni, kisha akalala.

Mwanza tulifika asubuhi, mawe yakiwa juu ya mji na ziwa likimetameta nyuma ya stesheni. Limi alinipokea.

"Shikamoo, Mwalimu. Umekonda."

"Marahaba. Ni utafiti."

"Basi badilisha utafiti."

Alininunulia sato na ugali, halafu tukapanda pikapu ya shule. Kuanzia Nyakato hadi Igoma tulipishana na malori ya pamba ya wanunuzi binafsi, waliozuka tangu biashara ilipofunguliwa. Mmoja wao, Limi aliniambia, ni Mzee Maduhu, mwenyekiti wa wazazi. Ndiye anayetaka darasa la biashara. "Wengine hawana upande. Wanaangaliana tu."

Kisesa, Jumamosi, wazazi walijaa maabara yenyewe. Mzee Maduhu alinikaribisha vizuri, kisha akauliza, "Hiyo kemia yako, mwalimu, inauzwa wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa. Watu wa huku wanafuga, na kila nyumba husokota kamba za ng'ombe kwa katani, juu ya paja. Niligawa katani nikaomba kila mtu asokote kipande, nikitarajia nusu zipinde kulia na nusu kushoto, kama uzi wa molekuli zisizo na upande wake. Nilizikusanya. Zote zilipinda upande mmoja. Nilizigeuza juu chini, kana kwamba hilo lingesaidia.

"Ulitegemea nini?" akauliza Mzee Maduhu. "Sote tunasokotea paja la kulia, kwa mkono wa kulia. Chuo kikuu mnasokotea wapi?"

Ukumbi ulicheka. Limi aliangalia sakafu. Nikaona kidato cha tano kikizama mbele yangu.

Ndipo sauti ikatoka nyuma. "Yangu hujaichukua." Alikuwa Mama Nyamizi, mfugaji wa Kisesa. Kamba yake ilipinda kinyume na zote.

"Huyo ana shoto," Mzee Maduhu alisema. "Tangu mdogo. Alipigwa, hakuacha."

Nilimwomba Mama Nyamizi asokote kamba mpya kidogo tu, kisha ampe Mzee Maduhu aendeleze. Mzee aliongeza katani, akasokota kwa mkono wake wa kulia kama alivyozoea. Pale misokoto yao ilipokutana, kamba ililegea ikafumuka. Akajaribu tena. Ikafumuka.

"Nifuate mimi, shemeji," Mama Nyamizi alimwambia. "Au ulale umemshika ng'ombe wako kwa mkono, huna kamba."

Mzee akahamia paja la kushoto, kwa mkono wa kushoto, akaendeleza polepole. Kamba ikashika. Ikapita kwa jirani yake, kwa mwingine, hadi mlangoni, watu wa mkono wa kulia wote wakisokota kwa shoto huku wakitukanana.

Sasa niliweza kusema. Molekuli zangu hazina mkono, lakini zinachukia mahali pa kufumuka kama kamba hii. Ukichanganya chache zenye umbo la shoto na nyingi zisizo na upande, zile nyingi hufuata, na uzi wote hupinda kushoto. Miili yetu imejengwa hivyo, kwa molekuli za upande mmoja. Ndiyo maana kuna dawa ambayo ya kulia huponya, na pacha wake wa kushoto, mwenye viungo vilevile, hafanyi kitu. Anayeijua tofauti hiyo ndiye anayetengeneza dawa. "Na dawa, mwenyekiti, inauzwa kila mahali."

Walipoulizwa nani anataka maabara ibaki, Mama Nyamizi alinyoosha mkono, na wanawake wawili waliokuwa karibu naye. Ukumbi ukaangaliana. Kisha jirani zao, kisha safu nzima, kisha nyingine. Wa mwisho alikuwa Mzee Maduhu. "Wa kulia," alisisitiza, akiunyoosha.

Njiani kurudi Mwanza, Limi aliimba hadi Nyakato, vibaya sana, na sikumkatiza.

Nilirudi Dar kifua mbele. Nilijifunza kwamba sikuhitaji kuushawishi ukumbi mzima, jambo ambalo nisingeliweza. Walitosha wachache wasiogeuka, mradi wamekaa katikati ya wenzao. Miaka yote nimeliona hilo ndani ya chupa. Kisesa nililiona likipiga kura.