Ndeke ya Siku ya Ine

Majina ya bantu bote ya ile miaka niko nayo mu kichwa: ya marubani, ya bakarani, ya bamama benye kuuzisha mikate karibu na kiwanja ya ndeke. Sitayaandika. Bengine bangali na batoto hapa Kamina.

Kampani ya taifa ilikuwa na ndeke kubwa za Kinshasa na Ulaya. Kisha ikazaa kampani ndogo, yenye jina yake na rangi yake, ya kutembelea miji yetu ya ndani. Siye tuliiita Mutoto. Mwanzoni Mutoto alikuya mara mbili kwa juma, akapita mpaka Manono, akarudi. Bwana yangu njo alikuwa ajan wake hapa: alipima mizigo, alipima hata bantu, alisoma majina ku liste. Balimupa koti ya buluu. Alikuwa anaipiga pasi yeye mwenyewe, minyi sikuruhusiwa kuigusa.

Wakati nilizaa mutoto wa kwanza, mama yangu alikuya na ile ndeke kutoka Manono, aniogeshee mutoto na kunipikia. Alisema atakaa juma tatu. Baba alibaki kule na macho yenye kuzimika, jirani njo alikuwa anamupikia. Tiketi ya kurudi mama aliifunga ku pembe ya kikwembe alichovaa.

Kwetu Baluba, mama-mukwe na mukwe wake habaonane uso, habasemezane, habakule fasi moja. Ni heshima, na ni nzuri wakati kila mutu iko na nyumba yake. Siye tulikuwa na vyumba mbili na mulango moja. Bwana yangu akitaka kuingia, anakohoa kwanza inje. Mama anajifunika kikwembe kichwa nzima, anageukia ukuta mpaka apite. Barafiki ya bwana yangu nabo balihesabiwa kama bakwe, basi hata mu njia mama hakutoka. Maneno yote ilipita kwangu, hata kama ni pazia tu njo inabatenganisha.

"Umuambie mama, bukari yenye alisonga ilikuwa nzuri."

"Umuambie mukwe aache uongo, ilikuwa na mabonge."

Na kila moja alikuwa amesikia mwenzake kabla sijafungua kinywa.

Juma tatu ikaisha. Pale Mutoto alikuwa tayari anakuya mara moja tu, siku ya ine ya juma. Mama akafunga mizigo, ndeke haikukuya. Bwana yangu akasema nimuambie angoje siku ya ine ingine. Nayo ikapita bure. Mama akazoea hivyo: siku ya tatu mangaribi anafunga, siku ya tano asubui anafungua, anatoa sufuria yake moja na vikwembe vyake viwili.

Kisha mukanda, barua ya kampani, ukafika kutoka Kinshasa. Bwana yangu aliusoma nyuma ya nyumba, sauti chini. Jina ya Mutoto imefutwa, ndeke zake zimerudishwa kwa kampani kubwa, miji midogo ingoje. Nikamuuliza tutamuambia mama nini. Akasema tunyamaze kwanza, ile kubwa haiwezi kutusahau, nayo haya itamuua kama mama-mukwe atasikia mukwe wake hana tena kampani.

Nikanyamaza. Sitadanganya hapa: mutoto alikuwa analala mu mikono ya mama, na minyi nilikuwa nalala.

Siku ya ine sita zikapita. Bwana yangu anavaa koti, anaenda ku kiwanja yenye haina kitu, anarudi, anakohoa. Mama anauliza ku ukuta: umuulize kama imekuya. Namuuliza, kama vile sijui.

Halafu siku moja mutu wa misioni akaleta habari yenye ilipita ku fonia, ile radio yao ya kusemezana: baba hatoke tena ku kitanda. Mama akachukua mizigo, akasema ataenda kukaa ku kiwanja yenyewe, juu ya majani, mpaka ndeke itue. Bwana yangu alikuwa amefika ku mulango. Akakohoa. Mama akajifunika. Ndipo bwana yangu akatupa mugongo, akasema yeye mwenyewe, bila kupita kwangu:

"Mama, ndeke haitakuya tena. Ilikufa zamani. Ni minyi nilificha."

Hakukuwa hata neno moja kati yao kabla ya lile. Chini ya kikwembe mama akaniuliza minyi:

"Weye ulijua?"

Nikasema ndiyo.

Kesho yake alipanda treni ya Bukama. Kule angechukua mashua mpaka Ankoro, kisha kinga, nyuma ya mutu wa kukanyaga pedali, mpaka Manono. Ile njia ilikuwapo siku zote. Angeishika mwanzoni, kama siye hatukumutuliza na siku ya ine. Ku gare alinirudishia mutoto, akamufunga vizuri ku mugongo yangu, akasema nyuma yangu, fasi sikuweza kuona uso wake:

"Yeye alikatazwa kusema na minyi. Weye hukukatazwa."

Alifika Manono matanga imeisha.

Bwana yangu akatuma kuku mbili na muchuuzi wa samaki, juu ya kosa ya kusemeza mama-mukwe, vile desturi inaomba. Mama alizipokea, akatuma salamu, akasema neno hilo limeisha. Minyi nikaomba muchuuzi huyohuyo aniulizie kwa mama, nami nitume nini. Alirudi mwezi ulipoisha. Akasema aliuliza mara mbili, na mama aliendelea kupepeta unga wa muhogo.