Upole wa Dume Langu

Nawaombeni mnicheke mkishafika mwisho, si kabla. Hapa Lukuledi tuna kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa nyama, aina ya Borani, na dume asiyefikia viwango huhasiwa. Mgongo unyooke, miguu iwe imara, na zaidi ya yote awe mpole, maana ukali hurithiwa.

Dume langu ana mgongo kama meza. Tatizo ni hasira. Juzijuzi tu alinikimbiza mpaka nikapanda mkorosho, na umri huu. Basi asubuhi ya ukaguzi nikamkuta amekata kamba, amesimama kwenye mikorosho ya jirani, akanifuata kama mbuzi wa nyumbani. Nikajua yale maneno matamu ninayomsemesha kila jioni yamemwingia.

Mbele ya wanakikundi wote, mkaguzi wetu Mama Salima alimpapasa mgongo, akamshika hadi pembe. Dume kimya. Nikashindwa kujizuia.

"Upole huu ni wa ukoo, Mama Salima. Hata baba yake alikuwa hivi."

Hapo dume akaniegemea, miguu ikapishana, akajilaza juu ya buti langu na kuanza kukoroma. Mama Salima akainama, akamnusa mdomo.

"Huyu amekula mabibo ya korosho yaliyochacha," akawaambia wenzake. "Ananuka uraka kama kilabu kizima cha pombe."

Kisha akanigeukia mimi, mguu wangu ukiwa bado chini ya ng'ombe.

"Baba Hadija, tutamkagua kesho akishalevuka. Wewe chagua mapema mkorosho wa kupanda."