Mtoto Kwenye Mizani ya Kahawa

Enzi zetu kule juu migombani, hukuachwa ukue kienyeji. Ulikuzwa na bibi! Wetu alikuwa amesoma misheni hadi darasa la nne, na hakuruhusu mtu asahau. Alitukagua kucha kabla ya uji, akatukaririsha majina ya mito mpaka nadhani na ng'ombe waliyajua.

Mdogo wetu Aika alizaliwa kiduchu, na wiki zikapita hanenepi. Majirani wakasema kapatwa na jicho baya, atafutiwe dawa. Bibi akafoka, "Jicho gani? Mtoto ana njaa, na mama yake ana njaa!" Akahamia kwetu na sufuria lake, akawa anampikia mama mtori wa ndizi na nyama na kumsimamia hadi bakuli liishe. Sisi tulingojea kukomba ukoko. Lakini tuliogopa sana, maana mama alikuwa analia kila akimnyonyesha.

Zahanati ilikuwa mbali, na mvua ilikuwa imebomoa daraja. Basi siku ya kuuza kahawa, Bibi alimfunga Aika mgongoni kwa khanga, akapanga foleni na wenye magunia.

"Shikamoo mama," karani wa mizani akamwambia. "Kahawa iko wapi?"

"Marahaba. Ndiyo hii. Ning'iniza!"

Foleni nzima ilivunjika mbavu. Aika akaning'inia kwenye ndoano ndani ya khanga yake, katumbua macho, Bibi kamkingia mikono chini. Mshale aliusoma mwenyewe. Bibi hakumwamini karani hata kidogo.

Ikawa hivyo kila wiki, siku ya kuuza kahawa. Wiki ya pili mshale haukusogea. Bibi akazidisha mtori. Wakulima nao wakasahau kuulizia bei, wakawa wanauliza, "Aika kaongeza?"

Siku mshale uliposogea, Bibi aliruka, kilemba kikaangukia kwenye kahawa! Karani akauliza, "Kahawa hii daraja gani, mama?" Foleni nzima ikajibu, "La kwanza!" Mama akacheka huku machozi yanamtoka, nasi tukacheza mpaka tukamwaga debe la watu.

Siku hizi mtoto akipiga chafya tu, mama yake anaiuliza simu. Na bibi wa leo tumesoma. Mimi ni mwalimu mstaafu. Ila mjukuu wangu yuko Dar, huja Krismasi, na akiniona hujificha nyuma ya mama yake. Uzito wake naujua, natumiwa kwa meseji kila mwezi. Mgongo wangu ndio hauujui.