Mpishi wa Wakili

Mimi na mkalimani wa kanisa letu bado hatuivi chungu kimoja, na msiniambie nimsamehe. Nimeshamsamehe. Ila ananichosha.

Ilikuwa Jumapili ya vijana, kwenye ukumbi tunaokodi pale Newtown, hapa Birmingham. Kila kijana alitakiwa kueleza habari za mtu aliyetetea wanyonge. Binti yangu, anayetaka kusomea sheria, alichagua wakili mmoja wa Amerika ya zamani, aliyewasimamia watumwa mahakamani mpaka wakapata uhuru wao. Basi jikoni kwangu Shard End ikawa wakili asubuhi, wakili jioni. Maharagwe yangu yaliungua kwa sababu ya wakili. Lakini kulikuwa na jambo lililomuuma: mtetezi huyo huyo, nyumbani kwake, alikuwa na mtumwa wake mwenyewe, mpishi, na hakumwachilia mpaka alipozeeka. "That's the whole point, Mum," akaniambia. Alitaka kanisa lote lisikie habari za huyo mpishi.

Sasa sisi watu wa Kivu, kule Kongo, tuna desturi yetu: mtoto akisema Kiingereza, mkalimani anasimama kando yake na kuwageuzia wazee kwa Kiswahili. Na huyu wetu, Mungu amsaidie, hatafsiri, anahubiri. Ukisema "good morning" yeye anakemea mapepo.

Binti yangu akaanza vizuri. Akasema wakili alizaliwa katika familia ya wakulima. Mkalimani akasema ni familia ya maombi. Akasema wakili alishinda kesi. Mkalimani akasema alishinda kwa kufunga na kukesha. Mimi nimekaa pale, nimeuma midomo. Jamani, si wamwache mtoto aseme? Mwishowe akafika kwa mpishi, akasema polepole, ili asikosewe. Mkalimani akakohoa.

"Na nyumbani kwake, wapendwa," akasema, "aliishi na mtu mweusi kama ndugu yake."

"Amina," likaitika kanisa. Bibi mmoja wa kiti cha mbele akafuta machozi.

Hasira zikanipanda mpaka kichwani. Binti yangu Kiswahili anakisikia chote, ila kukisema hataki, hata chumvi anaiomba kwa Kiingereza. Nilimwangalia usoni nikajua amesikia.

Akaisogelea maikrofoni, akamgeukia mkalimani. "Hapana, papa. Haikuwa ndugu. Ilikuwa mtumwa yake. Alimupikia miaka mingi, na yeye alikula tu."

Lafudhi ilikuwa ya Birmingham kabisa, lakini hakuna aliyecheka. Mkalimani akamwinamia, akasahau kwamba maikrofoni inasikia.

"Mwanangu, kanisani hatuaniki nguo chafu za mtu mwema."

"Na mupishi? Yeye hakukuwa mutu mwema?"

Yule bibi wa mbele akauliza kutoka kitini, "Aliitwa nani, huyo mpishi?"

"Hawakuandika, bibi," binti yangu akajibu.

Bibi akatikisa kichwa. Mkalimani, kama kawaida yake, akakimbilia sala ya kufunga. Akamshukuru Mungu kwa ajili ya wakili, kwa hekima ya wakili, kwa ujasiri wa wakili. Sote tumefumba macho.

"Na mpishi," bibi akasema.

Mkalimani akaikata sala. Kisha akarudi nyuma, akaianza sala upya, na safari hii alianza na mpishi.