Nilikula Firigisi ya Mteja Wangu wa Kwanza

Nilikosa. Wacha niseme hilo mapema kabla sijaanza kujisifu, maana najijua.

Leo nikipita Kitale watu huniamkia kutoka ng'ambo ya barabara. Nina hoteli mbili, zote za mabati, na shule niliacha darasa la pili! Lakini kuna jambo sijawahi kulitoa hadharani. Ndugu msomaji, jina langu usiulize, na usinicheke mpaka nimalize.

Nilipofungua hoteli ya kwanza karibu na stesheni nilikuwa kijana, nimetoka tu jikoni kwa mkulima mmoja mzungu. Kupika najua! Wateja sasa? Hakuna. Wiki mbili nzima nilisonga ugali nikaula mwenyewe. Wanaume walipita mlangoni, wakaniamkia vizuri kabisa, wakaenda kula kwa mwingine.

Na huko nyumbani Bungoma mke wangu, Nasimiyu, alikuwa ameshaambia kila mtu kwamba mume wake ana hoteli. Ningefunga, nirudi kuosha sahani za mzungu? Afadhali nife!

Nikaona kukaa mlangoni hakuleti mtu. Nikawafuata walipo. Kwenye ghala la mahindi pale stesheni kulikuwa na wapagazi kumi na wawili na nyapara wao, Mzee Wekesa, mtu wa Malakisi, kwetu kule kule Bungoma. Alipokula yeye, ndipo walipokula wote. Nikamwambia mbele ya watu wake, "Mzee, Jumamosi njoo kwangu na vijana wako. Kuna jogoo anatoka nyumbani. Firigisi ni yako."

Weee! Uso wake ulifunguka. "Tangu nije Kitale hakuna aliyenipa firigisi," akasema. "Hapa najulikana kama gunia tu."

Mtu wa kwetu haelezwi jambo hili. Kuku ana firigisi moja, na hiyo huliwa na mkubwa wa nyumba au mgeni wa heshima. Basi.

Nasimiyu akaja na jogoo kwapani, mwekundu, mzito kama jiwe la kusagia. Jumamosi nikampika mwenyewe. Nikasikia wageni wananawa mikono nje. Nikafunua sufuria nionje chumvi, na firigisi ikaelea juu, ikaniangalia.

Shetani nisimsingizie. Kilikuwa kiburi changu. Nilijiuliza: hii nyumba ni ya nani? Si ni yangu? Sasa mkubwa hapa ni nani? Nikaitupa mdomoni, bana! Na ilikuwa tamu, sitadanganya.

Mzee Wekesa akageuza vipande kwenye bakuli. Akageuza tena, polepole.

"Kijana, huyu kuku alikuwa mgonjwa?"

"Hapana, Mzee! Mzima kabisa."

"Sasa mahindi alikuwa anasagaje?"

Mikono ya wapagazi ikasimama juu ya ugali.

"Ni paka, Mzee," nikasema. Na paka wangu alikuwa amelala mlangoni, maskini, hajui lolote!

Mzee akainuka. Wote kumi na wawili wakainuka. Ugali ukabaki unafuka mvuke.

Tangu siku hiyo wapagazi wakipita kwangu walilia kama kuku, "Ko-ko-kooo!" Halafu mmoja anauliza, "Paka ameshiba?" Aibu! Hata wale wawili watatu waliokuwa wameanza kuchungulia wakakoma.

Nasimiyu alicheka kwanza. Kisha akaniambia, "Baba Wafula, wewe umefungua hoteli ukajikaribisha mwenyewe." Akaenda nyumbani, akarudi na jogoo wa pili. "Mpelekee akiwa hai. Na useme kwa mdomo wako, watu wasikie."

Nikaenda mchana, saa ya mapumziko, wote wameketi juu ya magunia. Jogoo anapiga mabawa, moyo wangu pia. "Mzee," nikasema, "paka alikuwa mimi."

Mzee akamtazama jogoo, kisha akanitazama mimi.

"Nilijua," akasema Mzee Wekesa. "Sijaona paka anayepangusa mdomo kwa aproni."

Walicheka mpaka mmoja akaporomoka kutoka juu ya magunia! "Mpike huyo," akaniambia Mzee. "Lakini Jumamosi nakaa jikoni, nimlinde mwenyewe."

Na kweli alikuja! Akakalia debe kando ya sufuria, fimbo mkononi. Firigisi ilipoiva akaipokea kwa mikono miwili, vijana wake wakapiga makofi. Habari ikaenea. Jumamosi iliyofuata wakaja na wenye mikokoteni ya ng'ombe, ati waone nani atapewa. Nikaifanya desturi: kila Jumamosi nasimama naita jina la mwenye firigisi kwa sauti, na mbeba magunia anainuka kama mzee wa baraza. Nafasi ya kukaa ikakosekana!

Basi wewe unayefungua duka, au cherehani, au kibanda chochote, nakuonya: ulichomwahidi mteja wa kwanza, usikionje. Hata mchuzi wake!

Maana adhabu yangu haijaisha. Mtu mzima mimi, hoteli mbili, na nyumbani kwangu mwenyewe sijaonja firigisi tangu siku ile. Nasimiyu akichinja kuku, firigisi humpa paka, ati kwa sababu alisingiziwa.

Tena paka mwenyewe aliyesingiziwa alishakufa zamani. Huyu ni mjukuu wake, na huila polepole, akiniangalia.