Punda Kwenye Orodha ya Nyama ya Harusi

Njooni karibu, jamani. Lakini wewe uliyetoka kula saa hii, kaa kule mbali, usije ukanitapikia mkeka.

Mimi nauza nyirinyiri hapa mtaa wa Iftin, nyama ya ngamia iliyokaushwa ikakaangwa. Nikifungua mfuniko tu, watu wa kule mbali Ijara wanaanza kunawa mikono. Sasa binti yangu, aliyesomea kompyuta, akaniandikia programu kwa Python ya kupanga mifugo yangu. Kila mnyama anaulizwa aina yake. Akiwa aina moja na ngamia, anaingia orodha ya kuchinjwa. Kwa laptop yake ilifanya kazi safi kabisa. Akaihamishia kwa kompyuta ya duka, ile kuukuu ambayo hata mende wameihama.

Kesho yake akaja mama wa bibi harusi, ameagiza nyama ya wageni. Nikamchapishia orodha kwa maringo. Akasoma. Akarudia.

"Walaal, dada yangu, huyu wa tatu hapa si punda?"

Punda wangu! Yule wa kubeba maji, mwenye vidonda mgongoni, anayekula nepi za watoto kule jalalani! Astaghfirullah! Nilitema mate, wallahi, mto Tana ukajaa bila mvua. Nikajua nimekwisha: mpaka kule mbali Bute wataniita mama nyama ya punda.

Nikamwita binti. "Njoo uone uchafu wako!"

Akapekua, akacheka. "Hooyo, mama yangu, hii ni Python ya zamani, namba mbili. Huku klasi, yaani maelezo ya kila aina ya mnyama, nikiziandika hivi hivi, kitu chochote ukikiuliza aina yake kinajibu neno moja tu: 'instance', yaani mfano tu. Ngamia 'instance', punda 'instance'. Ikaona wote ni aina moja. Kwa laptop yangu ni namba tatu, huko kila klasi ni aina yake yenyewe."

"Kwa hiyo hii ya zamani haijui haramu?"

"Haijui hata masikio ya punda, hooyo."

Akaongeza neno "object" kwa mabano baada ya jina la kila klasi, akachapisha upya. Ngamia ndani, punda nje. Mimi nikanawa mikono mara saba, na nilikuwa nimeshika karatasi tu.

Yule mama bado ameziba pua kwa shela. Akaikagua orodha, akaiangalia kompyuta, halafu likamtoka:

"Nyama nachukua. Lakini hebu mwingize humo na mkwe wangu! Tangu aje kuposa namuuliza yeye ni mtu wa aina gani, hajanijibu hata hiyo 'instance'!"