Mkono Usioonekana Ukitulia

Epiphanie alikuwa msusi. Wanawake wa mtaa wa Isipingo, ugenini alikohamia, walizipita saluni nyingine wakamngoja yeye, maana mkono wake ulikuwa mwepesi na hauumizi kichwa. Kisha mama yake akafariki kwao Bukavu, nchi ya mbali, naye hakuweza kwenda kumzika. Wiki hiyohiyo mkono wa kulia ukaanza kutetemeka.

Alipoutazama ukishika chanuo, ulitetemeka. Alipoutazama ukiwa pajani, ulitetemeka. Wateja wakamkimbia mmoja mmoja. Mumewe Désiré, mlinzi wa magorofa huko Morningside, akawa ndiye wa kumfunga vifungo na kumkatia nyama kabla ya kwenda zamu, na hakulalamika.

Picha za kichwa zilitoka safi. Daktari akamvisha kifaa kama saa cha kupima mtetemeko, na siku ya majibu mume na mke walikwenda pamoja. Wakaambiwa kuwa mkono hutetemeka kwa muda mfupi tu. Sehemu kubwa ya siku umetulia. Epiphanie aliduwaa, kwani angeweza kuapa haujawahi kutulia. Daktari akaeleza kwamba huo ndio ugonjwa wenyewe: jicho linapokwenda kuukagua mkono, ubongo unauamsha mtetemeko, hivyo mgonjwa hauoni kamwe ukiwa umepumzika. Hajifanyi, alisisitiza, na matibabu yapo.

Epiphanie alilia kwa faraja. Désiré alikuwa ameshika neno moja tu.

Walipofika nyumbani Berea ndipo alipolitoa. "Kumbe mkono iko inapumzika. Na mimi niko nakuvalisha kama mtoto."

"Mimi sijauona ukipumzika, Papa Deborah. Hata siku moja."

Tangu hapo Désiré akawa anamvizia. Jumapili moja Epiphanie alikuwa akimsuka binti yao Deborah, akimsimulia habari za bibi yake, amezama katika maneno. Désiré alisimama mlangoni kitambo, akiutazama ule mkono ukienda sawasawa.

"Angalia mkono yako," alisema.

Epiphanie akaangalia. Hapohapo ukaanza kuruka, msuko ukafumuka.

"Umeona?" Désiré akauliza.

Epiphanie hakuwa ameona. Alichoona yeye ni kile anachokiona siku zote.

Kabla ya mwezi kwisha Désiré alihamia Johannesburg. Epiphanie alianza mazoezi hospitalini, akafundishwa kuyapeleka macho kwingine, na siku nyingine humaliza kichwa kizima. Deborah alipomuuliza kama baba atarudi mkono ukipona, alimwambia kuwa baba anaamini haukuwahi kuumwa.